Kona ya Fundi: Nitoshe shofaji ao nisitoshe?



Mwezi uliopita niliahidi kwamba leo tutazungumza juu ya pompa za kisima. Pompa zitangoja. Nimepata barua fupi ya kijana wa miaka 19, na nilipofika mwisho wake niliona haiwezi kungoja, kwa sababu ametaja na siku. Ninaiweka hapa jinsi alivyoiandika, nimeondoa jina tu:

"Baba Fundi, jambo yako. Mi ni kijana wa hapa Kakontwe. Baba alinipatia Toyota yake ya zamani. Shiye na barafiki tunataka kupima mbio na ile motokari, Siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi, nyuma ya misa, ku barabara ya Lubumbashi. Niliona ku telefone namna bazungu banatosha shofaji yote juu motokari ya mbio ikuwe mwepesi. Huku kwetu aiko baridi ya ku Bulaya. Sasa nibebe kintu ya bure juu ya nini? Nitoshe ao nisitoshe?"

Mwanangu, asante kwa kuuliza kabla ya kushika funguo. Wengi wanauliza baadaye, wakati moteri imekwisha kuungua. Mambo ya Siku ya Mungu na ya barabara ya Lubumbashi tutayafikia, usifikiri nimeyaruka. Tuanze na kitu chenyewe.

Watu wengi wanafikiri shofaji ni resho iliyofichwa nyuma ya tablo, inayokula esansi kwa siri. Hapana. Shofaji ni radiateri ya pili, ndogo, ukubwa wake kama Biblia ile kubwa inayosomwa kanisani. Diriti mbili zinatoka kwenye moteri, zinapita katika ukuta wa chuma unaotenga moteri na abiria, zinaingia katika radiateri hiyo ndogo. Moja inaleta maji ya moto, ya pili inayarudisha. Kando yake kuna vantilateri inayosukuma hewa. Ukigeuza kifungo, hewa inapita katikati ya vile vyuma vyenye moto, kisha inatoka miguuni ao kwenye parabrizi. Hakuna moto mwingine unaowashwa. Ni joto lile lile ambalo moteri ingelitupa nje kwa radiateri kubwa ya mbele. Ni kama mama anayeweka maji ya kuoga juu ya mbabula wakati bukari imekwisha kuiva: makala ni yale yale, hakuongeza hata moja.

Sasa uzito, maana ndio ulioulizia. Siku moja niliweka shofaji ya Toyota juu ya mizani ya mama mmoja anayeuza unga sokoni, naye akanicheka sana, akauliza kama nimekuja kuuza kilo ya chuma. Mizani ilisema kilo 6 na nusu, pamoja na boksi yake ya plastiki, vantilateri, diriti na maji kidogo yaliyobaki ndani. Ya motokari nyingine inaweza kufika kilo 10. Haya. Toyota ndogo kama ya baba yako, pamoja na wewe ndani, inapita kilo 1,100. Umeondoa chini ya kilo moja katika kila kilo 100. Kama motokari inatumia sekunde 12 kutoka kusimama mpaka kilometa 100 kwa saa, faida yako haifiki sehemu ya kumi ya sekunde moja. Hata kufumba na kufumbua macho kunataka muda zaidi.

Tena lita moja ya esansi ina uzito wa gramu karibu 750. Kwa hiyo mtu anayeondoka nyumbani na esansi iliyopungua lita 10 amekwisha "kutosha" shofaji bila kugusa hata visi moja. Yule rafiki atakayekaa pembeni yako akipiga kelele ana uzito wa shofaji kumi. Na ule mfuko wa chokaa uliosahauliwa nyuma tangu baba yako alipopaka ukuta, mwanangu, umeuangalia?

Utaniuliza: basi, wale wa ku Bulaya ni wajinga? Si wajinga. Wanakimbia katika uwanja uliofungwa, gari zote zinaelekea upande mmoja, hakuna mama anayevuka na ndoo ya maji kichwani, na mshindi anamshinda mwenzake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mtu wa namna hiyo anahesabu gramu. Lakini yeye haondoi shofaji peke yake na kurudi nyumbani. Anaondoa vitu mia moja, na shofaji ni kimoja kati ya mia. Mwaka wa 1973 Porsche walitoa gari yao, 911 Carrera RS, kwa namna mbili: moja ya safari ya kawaida, kilo 1,075, na nyingine iliyopunguzwa, kilo 960. Kilo zile 115 hazikutoka mahali pamoja. Walitumia bati nyembamba, vioo vyembamba, wakaondoa viti vya nyuma na vitambaa. Kidogo kidogo, hapa na pale.

Na hata hao wanajua mahali pa kusimama. Ferrari F40 ya mwaka wa 1987 haina kapeti, haina redio, mlango unaufungua kutoka ndani kwa kuvuta kamba. Lakini chombo cha kupoza hewa hawakukiondoa. Kilikuwa na uzito kupita shofaji yako, na wakakiacha, kwa kuwa dereva anayepikwa ndani ya gari hawezi kuendesha vizuri. Mimi jambo hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka.

Sasa tuache Bulaya, tuje Afrika. Mashindano ya Safari ya huko Kenya yalianza mwaka wa 1953, wakati wa kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na zamani hizo gari zilipita hata Uganda na Tanganyika. Barabara zilikuwa kama zetu: vumbi siku hii, matope siku ya kesho. Mwaka wa 1963 gari 7 tu zilifika mwisho. Mwaka wa 1968 mvua ilinyesha tena, na tena zikafika 7 tu, katika gari zaidi ya 90 zilizoondoka. Unajua mafundi wa Safari walifanya nini? Waliongeza uzito! Waliweka vyuma vya mbele vya kuzuia wanyama, wakaweka magurudumu ya akiba zaidi ya moja, na miaka ya baadaye wakaweka bomba la kupumulia linalopanda mpaka juu ya paa, ili moteri isinywe maji wakati wa kuvuka mto. Joginder Singh, mtu wa Kenya, alishinda Safari mara tatu, mwaka wa 1965, 1974 na 1976, na sifa yake kubwa ilikuwa kufikisha gari. Katika barabara za namna hiyo kwanza ufike, halafu ndipo watu waulize ulifika wa ngapi.

Barabara inayotoka kwetu Kakontwe inafanana na ipi, ya Porsche ao ya Safari? Jibu unalo wewe mwenyewe.

Umeandika kwamba kwetu hakuna baridi ya ku Bulaya. Ni kweli, hatuna theluji. Lakini Likasi iko juu, karibu mita 1,300 kupita bahari, na katika mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na moja ya asubuhi, uliza wale wanaosimama barabarani kungoja kamio ya kazi kama hakuna baridi. Lakini si baridi ya kipwani mwa miguu ninayotaka kukuonyesha. Ni kioo.

Wakati wa mvua, toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, watu watano wanaingia katika motokari na nguo mbichi. Wanafunga vioo juu mvua inaingia. Wote wanapumua. Pumzi ya mtu ina maji ndani yake, na ikigusa kioo kilichopozwa na mvua, yale maji yanashikamana na kioo. Ni jambo lile lile la kifuniko cha sufuria. Kwa dakika mbili parabrizi yote inakuwa nyeupe kama imepakwa maziwa. Shofaji inaponya jambo hilo kwa njia mbili pamoja: hewa yake ya moto inapasha kioo, na hewa ya moto inaweza kubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi, basi inayachukua yale maji na kuyaondoa. Kwa hiyo kile kifungo chenye picha ya kioo na mishale mitatu si cha wazungu. Ni cha mwezi wa pili huku kwetu Likasi.

Hapa ninapaswa kusema jambo langu mwenyewe. Sikulisema katika ukurasa huu miaka yote.

Mwaka wa 1998 jirani mmoja aliniletea motokari yake. Maji yalikuwa yanavuja ndani, kapeti ya upande wa abiria ilikuwa mbichi, na kulikuwa na harufu ya utamu utamu. Nilijua mara moja: radiateri ya shofaji imetoboka. Piesi ilikuwa haipatikani, na ile iliyopatikana bei yake ilipita mshahara wake. Nikamwambia maneno karibu na yale uliyoandika wewe: "Baba, ile kintu aina kazi huku kwetu. Tunaitosha, motokari itakuwa mwepesi, na maji haitavuja tena." Akafurahi. Nikaitoa yote, na boksi, na vantilateri. Zile diriti mbili nikazikata, nikaziziba kwa vijiti vya mti na waya. Nikajiona fundi.

Wiki mbili nyuma ya hapo, usiku, mvua kubwa, bibi wa jirani mwingine alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ile ndiyo motokari iliyokuwa karibu. Wakaingia watu sita: dereva, yule mama, mama yake, dada yake, mume wake, na mzazi mmoja anayejua mambo ya kuzalisha. Wote wabichi, wote wanapumua kwa nguvu, na mnajua mama wa uchungu anavyopumua. Kioo kikafunga. Dereva akawa anapangusa kwa mkono wa kuume huku anashika usukani kwa mkono wa kushoto. Yule dada akapangusa kwa kikwembe chake. Kinafunguka kidogo, kinafunga tena. Wakaingia katika kanivo, gurudumu la mbele lote likashuka.

Mungu ni mwema, yule mama alibebwa na watu mpaka materniti na akazaa salama, mtoto wa kike. Lakini dereva alivunjika mkono. Alikuwa mtu wa kazi ya mikono, kwenye mawe ya chokaa, na miezi mitatu hakugusa nyundo. Hakuniuliza kitu. Hakusema hata siku moja, "Fundi, ni wewe." Mimi ndiye niliyejua. Miezi ile mitatu nilipeleka unga nyumbani kwake, na bibi yake alinipokea kila mara na kunishukuru, na kila mara nilitembea kurudi nyumbani nikiangalia chini.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kuna sheria ndogo ambayo wengi wanairuka: mwenye kujenga nyumba mpya anaagizwa kuzungusha ukingo juu ya dari, watu wasianguke, asije akawa na damu juu ya nyumba yake. Ule ukingo siku zote hauonekani kufanya kazi. Ni mawe na jasho juu ya mawe na jasho. Mimi niliutoa ukingo wa nyumba ya mwenzangu na kumwambia ni uzito wa bure.

Turudi kwenye moteri, kwa sababu kioo ni nusu tu ya habari.

Mama anayepika maharagi Kakontwe anajua kwamba yanachukua muda mrefu kuliko kule chini kwenye bahari, hata kama hajui sababu. Sababu ni urefu wa mahali. Huku kwetu maji yanachemka kwa digrii karibu 96, hayangoji 100. Katika motokari, kifuniko cha radiateri kinabana maji ili yasichemke mapema. Kifuniko kizima kinayafikisha kupita digrii 115 bila kuchemka. Lakini kifuniko kikiwa kimechoka, ao kimefungwa na mfuko wa plastiki kama ninavyoona kila siku, maji ya motokari yako yanachemka kama maharagi. Sasa uko kwenye mlima, umebeba mizigo, umeme wa vantilateri ya mbele ni mdogo, na mshale wa joto unapanda. Utafanya nini?

Mwenye shofaji anaifungua yote kwa moto, na vantilateri yake kwa nguvu ya mwisho, anafungua na vioo. Ndani munakuwa tanuru, abiria wanalalamika, lakini mshale unashuka. Shofaji nzuri inaweza kutoa katika moteri joto la resho ine ao tano za umeme, zile za wati 1,000. Inakusaidia kufika mahali pazuri pa kusimama. Kisha unasimama, unazima, unangoja. Usifungue kifuniko cha radiateri kikiwa cha moto! Nimeona uso wa kijana uliochomwa na maji hayo, na sitaki kuueleza hapa, watoto wanasoma.

Mwenye kutoa shofaji hana ile radiateri ya pili. Mshale ukipanda, anaangalia tu. Kilasi inapinda, jointi ya kilasi inaungua, maji yanaingia katika mafuta, na bei ya kazi hiyo inapita bei ya shofaji kumi.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wachache wanaeleza. Moteri ikiwa bado ya baridi, termostati imefunga njia ya kwenda radiateri kubwa. Hata hivyo maji yanapaswa kuendelea kuzunguka ndani, yasikae mahali pamoja na kuchemka. Moteri nyingi zina kanjia kao kadogo kwa kazi hiyo, lakini moteri nyingine zinatumia njia ya shofaji yenyewe. Ukiziba zile diriti kwa kijiti, umefunga njia hiyo. Moteri inakuwa na sehemu yenye moto mkali hali mshale wako unaonyesha kwamba mambo ni mazuri. Tena kijiti kinaoza, ao kinatupwa nje na nguvu ya maji, katikati ya pori.

Na hapa ninawaambia bazazi jambo la jiji letu. Fundi akikuambia haraka haraka kwamba shofaji "aina kazi", uliza kwa upole ile ya zamani itaenda wapi. Radiateri ndogo za motokari za zamani ni shaba nyekundu na shaba ya manjano. Za sasa nyingi ni aluminiumu. Sisi watu wa Likasi hatuhitaji kufundishwa bei ya shaba. Kuna shofaji nyingi katika jiji hili ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote, ziliondoka kwa sababu ya mizani ya mnunuzi wa mitrayi. Sisemi fundi wote. Ninasema uliza, na useme piesi ya zamani uipewe mkononi, hata kama imetoboka. Ni yako.

Je, kuna siku ya kuitoa? Iko. Kama imetoboka: kapeti mbichi, harufu ya utamu, kioo kinapata mafuta mafuta ambayo kitambaa hakiondoi. Hapo usiiache ivuje, maana itamaliza maji ya moteri. Lakini fanya hivi. Moteri ikiwa baridi kabisa, toa maji katika beseni, si chini. Yale maji ya rangi, ya kijani ao mekundu, yana sumu, na ubaya wake ni kwamba ni matamu: mtoto ao mbuzi akiyaonja atataka tena. Kisha usizibe. Chukua diriti moja nzuri, uunganishe mdomo wa kwenda na mdomo wa kurudi, ili maji yatoke na kurudi kama kawaida, na uikaze kwa kola za chuma, si kwa waya. Usikunje diriti kwa nguvu mpaka ibanwe; tafuta iliyoumbwa na kona. Jaza maji polepole, washa moteri kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, acha hewa itoke kwa mapovu, ongeza, ndipo ufunge. Na boksi na vantilateri uviache mahali pake. Hewa hata ikiwa ya baridi, ikipigwa juu ya kioo inasaidia, hasa ukifungua kioo cha pembeni kwa upana wa vidole viwili. Ukipata piesi, unarudisha bila kuvunja tablo tena.

Ndani ya kioo unaweza kupaka sabuni kavu kidogo na kuipangusa mpaka kioo kiangae. Inazuia ukungu kwa muda. Si dawa ya kudumu.

Na kama unataka tu motokari iende vizuri zaidi, mwanangu, sisi wa Kakontwe tuna ugonjwa wetu: vumbi la chokaa. Toa filtri ya hewa uiangalie. Kama ni nyeupe kama kuku wa padri, moteri yako inapumua kwa tundu la sindano, na ukiibadilisha utasikia tofauti kubwa kuliko shofaji tatu ukizitupa. Pima hewa ya magurudumu. Ondoa mfuko wa chokaa, ondoa na zile piesi za zamani chini ya siti. Gurudumu la akiba uliache. Mishipi ya usalama uiache. Siti ya nyuma uiache, mama yako atakaa wapi?

Sasa Siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi.

Mwanangu, mimi nilipenda mbio. Ningelisema uongo kama ningekuambia mbio ni dhambi. Jirani zetu wa Zambia wana rali yao ya kimataifa, inaendeshwa kwa sheria: barabara inafungwa, gari zinakaguliwa, dereva amevaa kofia ngumu, na daktari yuko pale. Barabara ya Lubumbashi nyuma ya misa haifungwi na mtu. Kuna kamio za madini, kuna baiskeli zenye mifuko ya makala, kuna watu wa parokia yako mwenyewe wanaorudi nyumbani kwa miguu na watoto wao wamevaa viatu vya Siku ya Mungu. Sikuandikii jambo hili ili kukuhubiria. Padri anayo kazi hiyo. Ninakuandikia kwa sababu umeniambia siku, na mtu aliyeambiwa siku hawezi kusema hakujua.

Kwa hiyo ninakuomba hivi. Jumamosi iliyo mbele ya ile Siku ya Mungu niko nyumbani toka asubuhi. Uliza pale garaji ya chini ya mwembe, watakuonyesha. Njoo na Toyota, moteri ikiwa baridi, maana nitataka kuangalia kifuniko cha radiateri na zile diriti kabla ya kitu kingine. Lete na filtri mpya ukipata. Barafiki zako waje pia, kuna kazi ya mikono kwa wote, na bibi yangu atapika. Na umwambie baba yako aje naye. Asipoweza kuja, basi akuandikie kwamba anajua mpango wa siku ile.

Pompa za kisima ni za mwezi ujao, Mungu akipenda.

Fundi wenu